Hoja Iliamuliwa na Kuafikiwa: Na Nani?

Mshairi wa pwani hii akijikanusha hapati usingizi. Leo akitunga beti za kusifu jambo, na baada ya miaka sita akaja na beti za kulitukana jambo lilelile, hatokosa mtu wa kumjibu kwa vina vyake mwenyewe: atatajiwa gazeti, atatajiwa mwezi, na kituo chake atarudishiwa kama alivyokiandika. Malumbano ya washairi katika kurasa za magazeti yetu yaliishi kwa kumbukumbu hiyo. Na kabla ya magazeti palikuwa na vifua. Muyaka bin Haji alifariki Mombasa mnamo mwaka 1840. Ilipokaribia kwisha karne ile, Mwalimu Sikujua alipokaa na mmisionari William Taylor kuyaandika mashairi yake, bado walikuwapo watu wa kuyasoma kwa ghibu. Ndimo tunamojua hadi leo Mvita ilisema nini ilipokabiliana na Seyyid Said.

Basi nauliza, waungwana: vifua vilivyohifadhi beti za marehemu kwa miaka hamsini vimeshindwaje kuhifadhi kura ya mtu hai tuliyempeleka Chukwani au Dodoma? Katika baraza zetu za kahawa nimekuta watu wanaoweza kukariri tenzi ndefu bila ya kukwaa. Sijamkuta hata mmoja awezaye kunambia mwakilishi wake alipiga kura gani juu ya mswada wowote ule.

Kwa muda niliwalaumu watu wa baraza. Kisha nikajaribu mwenyewe. Nilinunua daftari la shule, nikalipiga mistari mitatu ya wima kwa ajili ya mheshimiwa mmoja, ambaye simtaji kwa sababu kasoro hii si yake peke yake. Mstari wa kwanza: aliyoyasema jimboni. Wa pili: aliyoyasema aliposimama kuchangia. Wa tatu: kura yake. Wa kwanza ulijaa upesi, kwani jimboni mheshimiwa husema sana. Wa pili nao ukajaa, maana Taarifa Rasmi, ambayo wengi huiita Hansadi, huandika kila neno. Wa tatu ulibaki mweupe kama kanzu ya Idi.

Sababu yake utaiona ukiisoma Hansadi ya Bunge kwa jicho lile unalosomea ushairi. Mwisho wa mjadala huandikwa hivi, ndani ya mabano: "Hoja ilitolewa iamuliwe. Hoja iliamuliwa na kuafikiwa." Tazama vitenzi hivyo. Vyote ni vya kutendwa, na mtenda hayupo. Ilitolewa, iliamuliwa, iliafikiwa, kama vile mvua iliyonyesha bila ya kutumwa na mtu. Mwalimu wa sarufi angemrudishia mwanafunzi karatasi na kumwandikia kwa wino mwekundu: na nani? Hansadi hiyohiyo huandika "Makofi" kila makofi yanapopigwa na "Kicheko" kila wanapocheka, wala haikosi moja katika hayo. Makofi yanahifadhiwa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Kura iliyobadilisha bei ya mkate haina mwenyewe, kwa kuwa iliamuliwa kwa sauti. Walio wengi waliitikia "ndiyo", na ndani ya sauti hiyo moja mtu anaweza kujificha na nafsi yake yote.

Mstari wa pili nao una maajabu yake. Mheshimiwa husimama, akaeleza kwa dakika kumi kwamba barabara haipitiki, hospitali haina dawa, wavuvi wanadhulumiwa na waziri hasikii. Mpaka hapo msikilizaji wa jimboni amekwisha kujawa na fahari. Kisha kengele inalia, na mheshimiwa anamalizia: naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja. Dakika kumi za kulia, na sekunde tatu za kukubali. Wako wanaokwenda mbele zaidi, wakatishia kushika shilingi ya mshahara wa waziri mpaka watoshelezwe. Siku ya pili gazeti huandika kwa herufi kubwa kwamba mbunge ameshika shilingi. Kwamba aliirudisha jioni ileile baada ya maelezo mafupi, hilo halina nafasi gazetini. Jimboni husafiri ile shilingi iliyoshikwa. Iliyorudishwa hubaki Dodoma.

Ni kweli kwamba bajeti ya Serikali ya Muungano hupigiwa kura kwa kuitwa wabunge jina baada ya jina. Lakini Katiba ya Muungano, ibara ya 90, inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likiikataa bajeti yake. Yaani desturi yetu humtaja mtu kwa jina pale hasa ambapo akisema hapana aweza kupoteza kiti chake na viti vya wenzake.

Tuje kwenye jambo lililotugusa sisi wa visiwani. Agosti 2010, baada ya wananchi kuyakubali maridhiano kwa asilimia 66.4 katika kura ya maoni ya tarehe 31 Julai, Baraza la Wawakilishi lilipitisha marekebisho ya kumi ya Katiba ya Zanzibar, yakitamka kwamba Zanzibar ni nchi, na ni mojawapo ya nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Mitaani watu walipongezana. Kisha ikaja Tume ya Jaji Joseph Warioba kukusanya maoni juu ya katiba mpya, na ikaripoti kwamba asilimia 60 ya Wazanzibari waliozungumzia muundo wa Muungano walitaka muungano wa mkataba. Rasimu ya Tume ikapendekeza serikali tatu. Mwaka 2014 Bunge Maalum likakutana Dodoma, na wajumbe wote wa Baraza la Wawakilishi walikuwamo, baadhi yao wakiwa ni walewale waliokuwamo 2010. Sheria ilidai theluthi mbili za kila upande. Kwa upande wa Zanzibar, wenye wajumbe 219, hiyo ni kura 146. Mwezi Aprili wapinzani walitoka ukumbini. Tarehe 2 Oktoba, baada ya rasimu kugeuzwa na kurudishwa kwenye serikali mbili, ilitangazwa kuwa theluthi mbili za Zanzibar zimepatikana.

Ni nani hao? Kila mmoja wao ana jina, ana jimbo au taasisi iliyompeleka, na alikuwa na maneno aliyoyasema nyumbani kabla ya kupanda ndege. Lau tungekuwa na daftari kamili, tungeweza kumwekea kila mmoja maneno yake ya 2010 kando ya kura yake ya 2014, na kumwacha ajieleze. Huenda wengine wangekuwa na maelezo mazuri; mtu ana haki ya kubadili rai yake, na mimi simlaumu abadiliye rai mchana mbele ya watu. Lakini daftari hilo haliwezi kukamilika, kwa sababu baada ya wiki kadhaa za mabishano ya kanuni, Bunge lile liliamua kwamba atakaye apige kura ya wazi na atakaye apige ya siri. Katiba ya nchi ikaandikwa nusu kwa sauti na nusu kwa mnong'ono. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 haikufanyika, na huo mnong'ono tumebaki nao.

Hapa ndipo wapinzani wangu wanaponikamata, na hoja yao si nyepesi. Wanasema: unadai uwazi, je, hukuona uwazi ulivyomfanya Othman Masoud Othman? Alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar. Alipiga kura ya wazi ya kuzikataa baadhi ya ibara, akazomewa na wajumbe wenziwe, na Oktoba hiyohiyo Rais Ali Mohamed Shein akamwondoa katika wadhifa wake. Watanitajia na Mansoor Yussuf Himid, Mwakilishi wa Kiembesamaki, aliyefukuzwa CCM Agosti 2013 kwa kusimama kinyume na chama chake juu ya Muungano, na kwa kuwa sheria haimtambui mwakilishi asiye na chama, kiti kikaondoka pamoja na kadi. Je, si bora siri, ili mtu mwenye dhamiri apate pa kuificha?

Hasha. Siri ya kura ni haki yangu mimi raia, kwa sababu ninapopiga kura sibebi ila nafsi yangu. Mwakilishi amebeba amana. Ukimpa wakala shamba lako la mikarafuu akakuuzia mavuno, kisha ukamuuliza ameuza kwa bei gani naye akakujibu kuwa hiyo ni siri yake na dhamiri yake, utamwita nani? Na tena angalieni vizuri: wale wawili hawakuadhibiwa na wananchi. Waliowaadhibu waliyajua yote. Chama kinajua nani kasema nini, kina daftari lake na kinalisoma. Mteuzi naye anajua. Asiyejua ni mpiga kura peke yake. Kwa hiyo siri hii haimlindi mwakilishi na wakubwa wake. Inamlinda na sisi. Na kama mpiga kura naye angekuwa na daftari, huenda mwenye kusema hapana angekuwa na pa kuegemea siku anapozomewa. Othman mwenyewe aliapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar Machi 2021, baada ya kufariki Maalim Seif Sharif Hamad. Watu wengi waliomjua siku hiyo walimjua kwa kura moja, kwa kuwa ilikuwa na jina.

Wenzetu wa Kenya wametangulia hatua katika hili. Tarehe 25 Juni 2024 Bunge la Taifa lilipoupitisha Mswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106, majina yalijulikana. Vijana wa Mombasa, Kilifi na Lamu waliweza kusoma mbunge wao yuko upande gani kabla jua halijazama, na wakamuuliza. Siku hiyo ilimwaga damu jijini Nairobi, wala sisemi kwamba orodha ya majina inatosha kuiponya nchi. Nasema tu kwamba kesho yake, Rais alipokataa kuutia saini mswada uleule, wale 195 hawakuweza kurudi majimboni na kudai kuwa nao walikuwa wakiupinga kimoyomoyo. Ilikuwa imeandikwa.

Kwetu, Januari 2016, tuliambiwa kuwa televisheni ya taifa haitorusha tena moja kwa moja vikao vyote vya Bunge, kwa sababu ya gharama. Tulilalamika sana, na ilikuwa haki kulalamika. Lakini hata ile picha ilipokuwapo ilituonesha midomo tu. Kamera ya kuonesha ni nani katika mia tatu aliyesema "ndiyo" haijatengenezwa. Tunachokihitaji ni kanuni moja: kila mswada unapofikia kura ya mwisho, katika Baraza na katika Bunge, majina yaandikwe, na waliokuwa hawapo waandikwe kuwa hawapo. Haihitaji mtambo wala wafadhili. Inahitaji karani na kalamu.

Mpaka hapo, daftari langu lipo. Kila mheshimiwa anapokuja jimboni namuomba kwa adabu anijazie mstari wa tatu kwa mkono wake: mswada huu, Mheshimiwa, ulisema ndiyo au hapana? Watatu nimekwisha kuwauliza. Wa kwanza alicheka. Wa pili alisema hakumbuki. Wa tatu alichukua kalamu, akaishika kidogo, akaniuliza nani kanituma.