Mchanga Wenye Unyevu Nao Upimwe

Leo nina neno juu ya mchanga tunaoukanyaga.

Tetemeko la ardhi likitikisa mchanga uliojaa maji, mchanga ule hugeuka kama uji. Yalitokea Niigata, Japani, mwaka wa 1964, ghorofa za Kawagishi-cho zikalala ubavu. Basi watu wakichimba wasipate maji karibu, husema, "Aa, hapa ni salama." Mimi nakataa.

Tazama mwenye duka anapopima mahindi. Akiitikisa gorogoro, mahindi hushuka na nafasi hubaki juu, wala hamna tone la maji humo. Mchanga nao ni vivyo hivyo. Huko San Fernando, Marekani, tetemeko la mwaka wa 1971 lilididimiza mchanga wa kujazia, wenye kina cha mita 12 hivi na usiojaa maji, kwa sentimita 10 hadi 15. Jengo lililokuwa juu yake likaharibika.

Kuna wanaosema ati mchanga wenye unyevu kiasi haushuki. Wana nusu ya ukweli. Maji kidogo hushikanisha chembe, ndiyo maana mtoto hujenga kijumba kwa mchanga wenye unyevu, si mkavu wala uliofurika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado walitikisa mchanga maabarani, wakaona ule wenye unyevu wa kadiri ulididimia kidogo kuliko mkavu na kuliko uliojaa maji. Lakini kidogo si sufuri! Tena unyevu haukai: kiangazi huukausha, masika huuzidisha, na bomba likivuja ndiyo basi.

Rai yangu ni hii. Mhandisi aigawe ardhi katika matabaka, apime kila tabaka limeshikamana vipi na lina maji kiasi gani, akadirie litabanwa kwa asilimia ngapi, kisha ajumlishe. Tabaka la mita 10 likibanwa kwa asilimia 1, hizo ni sentimita 10. Hesabu kama hiyo hata sisi wa kidato cha tatu tunaiweza. Aifanye kwa mchanga mkavu, wenye unyevu na uliojaa maji, achukue jibu lililo baya zaidi, si la ile siku aliyokuja kupima. Kwani upande mmoja ukishuka kuliko mwingine, kuta hupasuka na mabomba hukatika.

Atatokea mtu aseme hayo ni ya Wajapani na Wamarekani. Je, amesahau Subukia? Tetemeko la mwaka wa 1928 lilipasua ardhi papa hapa katika Bonde la Ufa. Na ni nyumba ngapi zinazosimama juu ya mchanga wa kujazia?

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Haya shime! Anayejenga amwulize fundi wake: huko chini kuna nini? Kuuliza si ujinga.