Kupita siyo woga

Vijana wenzangu wa Nakivale, tuache kudanganyana. Tukicheza poka, karata tatu zikishafunuliwa mezani, anayepita bila kuweka pesa anachekwa: "Umeogopa!" Kuogopa nini? Kama hakuna aliyeweka, kupita ni bure, na wote wakipita, karata ya nne utaiona tu.

Tupige hesabu. Una kopa nne, unasubiri ya tano. Karata ambazo hujaziona ni 47, kopa zilizobaki 9. Karibu mara nne kati ya tano, karata ijayo haikusaidii. Mwenzako akiweka 1,000, mezani zikawa 3,000, wewe unalipa 1,000 kwa kitu ambacho hakifiki hata thamani hiyo. Ushujaa gani huo, na pesa ni ya posho ya nyumbani?

Tiketi ya kubeti mpira kule Mbarara ni mbaya zaidi. Ukishalipa, hakuna kupita. Halafu wengi wetu hatujafika miaka 25 ambayo sheria ya Uganda ya 2016 inataka.

Na nyinyi wa mashirika, kutuambia "kamari ni mbaya" haitoshi. Tufundisheni hesabu. Anayejua kuhesabu hachekwi kirahisi.