Bakteria Anatafutwa, Kibarua Hatafutwi

Kampuni kubwa za bustani za Uingereza, zile zinazouza maua ya vyungu, mawe ya kutandaza uani, glavu na mbolea, kila mwaka hutoa tamko dhidi ya utumwa wa kisasa. Ukisoma moja umeyasoma yote. Kampuni haivumilii utumwa hata chembe. Kampuni imewaandikia barua wanaoiuzia bidhaa. Wafanyakazi wa ofisini wamepewa mafunzo. Mkurugenzi anatia sahihi, na kazi imekwisha hadi mwakani.

Sheria yenyewe ndiyo inayolea mchezo huu. Kifungu cha 54 cha Sheria ya Utumwa wa Kisasa ya 2015 kinaitaka kila kampuni yenye mauzo ya pauni milioni 36 au zaidi kwa mwaka ieleze hatua ilizochukua. Isipochukua hatua yoyote je? Inaruhusiwa kuandika hivyo hivyo, kwamba haikuchukua hatua yoyote, na hapo itakuwa imetii sheria. Faini hakuna. Dereva wa daladala angeipenda sana sheria ya barabarani ya namna hii.

Wakibanwa, wana jibu moja: bidhaa inapita mikono mingi, hatuwezi kujua kila aliyeko mwisho kabisa. Huo ni uongo, na ushahidi wake uko Kenya.

Jerania zinazopamba madirisha ya Ulaya na Marekani, nyingi hazikuzaliwa huko. Zinaanza kama vipandikizi kwenye vitalu nyumba vya nchi za joto, Kenya ikiwemo. Mkataji, mara nyingi mwanamke, anachovya kisu kwenye dawa, anakata ncha changa yenye majani machache, anachovya tena, anakata tena, huku akihesabu kimoyomoyo. Vipandikizi vinaingia kwenye mfuko wa plastiki, na mfuko unabandikwa lebo: aina ya ua, tarehe, na katika mashamba mengi, namba ya mkataji mwenyewe. Vikifika Ulaya vimenyauka, anajulikana wa kuulizwa.

Mwaka 2003 kimelea cha bakteria kiitwacho Ralstonia kilikutwa kwenye jerania nchini Marekani. Serikali ya huko inakiogopa kwa sababu kinaozesha viazi, na imekiweka kwenye orodha ya vimelea vinavyoweza kutumiwa na magaidi. Je, kuna aliyesema bidhaa inapita mikono mingi? Walikifuata banda kwa banda hadi kwenye shamba vilikokatwa vipandikizi, huku Kenya. Mwaka 2020 kikazuka tena. Safari hii vipandikizi vilitoka Guatemala, na mimea ilishasambaa majimbo 44. Wakaifuata, wakaiteketeza, na kabla mwaka haujaisha wakatangaza kwamba wamekimaliza.

Kumbe uwezo upo! Mdudu asiyeonekana kwa macho ametafutwa akapatikana, bahari imevukwa. Mtu mwenye miguu miwili, anayekula na kulala mahali panapojulikana, ndiye hapatikani. Hawajui kama ana mkataba, kama alimpa nyapara kitu kidogo ndipo akaandikwa kazini, kama anaweza kukataa saa za ziada msimu unapobana. Hawajui kwa sababu hawajauliza. Na hawajauliza kwa sababu jibu lina gharama.

Sisemi kwamba mashamba yetu ya maua ni makambi ya watumwa. Ujira duni ni dhuluma, lakini si kila dhuluma ni utumwa, na anayechanganya mambo hayo mawili anawafungulia mlango mawakili wa kampuni. Utumwa unaanza pale mtu asipoweza kuondoka: paspoti imefungiwa kabatini, mshahara umeshikiliwa, deni la wakala wa ajira haliishi. Wenye dada na shangazi waliokwenda kufanya kazi za ndani Riyadh au Muscat wanayajua haya bila kuitiwa semina.

Anayetaka kuona utumwa wa wazi kwenye biashara ya bustani aangalie mawe. Nyua nyingi za Uingereza zimetandazwa mawe mchanga kutoka Rajasthan, India. Huko, katika maeneo kama Budhpura, familia nzima hukaa juu ya vifusi vya machimbo na kuchonga vijiwe vya kutandaza kwa nyundo na patasi, watoto wakiwemo. Mchimbaji huchukua pesa mapema kwa mwenye machimbo, labda kwa ajili ya harusi au matibabu, kisha hulipa kwa mgongo wake. Vumbi linamla mapafu. Akifa, deni linahamia kwa mjane, na nyundo kwa mtoto. India ilipiga marufuku kazi ya kulipia deni mwaka 1976. Hata hivyo jiwe lililochongwa hivyo linapanda meli, linazunguka nusu ya dunia, na bado linauzwa rahisi kuliko jiwe lililochimbwa Yorkshire, jirani tu na mnunuzi. Ofisa manunuzi anayeiona bei hiyo asishtuke hahitaji mafunzo. Anajua.

Basi tuache barua na semina, tuongee pesa. Julai 2020 Marekani ilifunga mlango kwa glavu za kampuni kubwa ya Malaysia kwa tuhuma za kazi ya lazima. Vibarua wake wahamiaji walikuwa wamewalipa mawakala fedha nyingi ili wapate kazi. Mlango ulipofungwa, kampuni ilianza kuwarudishia vibarua fedha zao, mamilioni ya ringgit, na mwaka uliofuata marufuku ikaondolewa. Miaka yote ya matamko haikuwa imefanya hivyo. Soko lilipofungwa, mkoba ukafunguka.

Kampuni ya bustani inayotaka kweli kuzuia utumwa ilipe yenyewe gharama za wakala, na ikigundua kibarua amelipishwa, imrudishie. Iache pia kuagiza leo na kufuta kesho. Machi 2020 wanunuzi wa Ulaya walipofuta oda kwa sababu ya korona, maua yalitupwa Naivasha na maelfu ya wafanyakazi wakarudishwa nyumbani bila malipo. Hasara ya mnunuzi ilibebwa na mwenye kipato kidogo kuliko wote, na huyo ndiye anayekwenda kwa mkopeshaji, halafu kwa wakala, halafu uwanja wa ndege. Nani wa kumuuliza kibarua hali yake? Kenya kuna chama cha wafanyakazi wa mashamba, KPAWU, chenye mkataba wa pamoja na waajiri. Tanzania kuna TPAWU. Lakini mnunuzi huona afadhali amlipie mkaguzi nauli ya ndege na hoteli, aje azungumze na vibarua wakati meneja amesimama pembeni.

Umoja wa Ulaya nao ulipitisha mwaka 2024 kanuni ya kuzuia bidhaa za kazi ya lazima, itakayoanza kutumika Desemba 2027. Naiona fomu ya kuitimiza kanuni hiyo ikishuka tayari: kampuni itamtumia mwenye shamba, mwenye shamba atampa meneja, meneja atamwambia mkataji aweke dole gumba. Vyama vyetu visikubali fomu ya upande mmoja. Shamba lijaze mishahara na mikataba. Mnunuzi naye ajaze bei anayolipa, siku anazochelewesha malipo na oda alizofuta, kisha karatasi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo getini, kwa Kiswahili.