Mchumaji Aende Mwaka, na Sisi Twende Naye



Katika mkutano wa mwezi uliopita lilitolewa shauri ambalo wengi walilipigia makofi, na sisi hatukulipigia. Shauri lenyewe ni hili: mchumaji yeyote atakayeacha kazi mwezi wa Julai kwenda Makunduchi kwa sherehe ya Mwaka Kogwa, azuiliwe ujira wa pishi alizokwisha kuchuma mpaka msimu umalizike. Halikupitishwa wala halikukataliwa, liliahirishwa. Kwa hivyo tumeona vyema tuseme yetu katika ukurasa huu kabla halijaletwa tena.

Hoja ya waliolitoa twaijua, na si ya kupuuzwa. Karafuu haingoji mtu. Ikishaanza kupata wekundu ina siku chache tu, na ikichanua juu ya mti imekwisha kuwa kitu kingine, bei yake si ile tena. Mwenye eka zake tatu alizorithi kwa baba yake, aliyegaiwa baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, hana jeshi la vibarua. Ana wachumaji wanne au watano, na wakiondoka watatu kwa siku tano, basi yeye hubaki chini ya mti anatazama matawi ya juu yanavyoharibika, naye umri wa kupanda umempita. Mtu wa namna hiyo akikasirika hatumlaumu.

Walakini tunaona kwamba dawa iliyopendekezwa itamuua mgonjwa. Na kwa kuwa Julai iliyopita tulikuwako huko huko Makunduchi, ndugu wawili na wake zetu na watoto, jumla watu tisa, tungependa kuwaeleza wenzetu tuliyoyaona na tuliyoyasikia, khasa wale ambao hawajafika Mwaka tangu walipokuwa wakibebwa mgongoni.

Safari si ndogo kwa mtu wa Pemba. Tulipanda meli Mkoani, tukalala Mjini kwa jamaa, asubuhi tukaingia kwenye gari la Makunduchi lililojaa watu na mikoba na kuku wawili waliofungwa miguu. Tukapita Tunguu, tukapita msitu wa Jozani, watoto wakitafuta kima kwa macho. Ndani ya gari nusu ya abiria walikuwa wanakwenda kwao kama sisi, na kabla hatujafika tulikwisha kujua nani kaoa, nani kaachwa na nani kajenga.

Sherehe yenyewe hatuna haja ya kuieleza kwa urefu, kwani wengi wenu mnaijua. Wanaume wa upande mmoja wa mji hupambana na wa upande wa pili kwa mabua ya migomba, wakatoa nyongo zote za mwaka mzima, kisha wakaenda kula pamoja. Kibanda cha makuti huchomwa moto, na wazee wakatazama moshi unaelekea wapi ili wajue mwaka unaokuja umekaa vipi. Wanawake hupita na nguo zao mpya, wakiimba maneno ambayo mtu mwenye haya huinamisha uso, na aliyekusudiwa hujijua mwenyewe. Kuna wali, kuna samaki, kuna pweza wa nazi, kashata, halua, maji ya miwa na askrimu. Kitu kimoja hatukukipenda, nacho ni vipaza sauti. Mwenye kuuza viatu vya plastiki alikuwa na kimoja, na mwenye muziki alikuwa na vinne, na nyimbo za akina mama zikawa hazisikiki mpaka usimame karibu nao. Lau tungekuwa na amri tungevizima vyote kwa saa mbili.

Lakini hatukwenda kwa ajili ya moshi wala kwa ajili ya askrimu. Tulikwenda kwa ajili ya mkeka wa shangazi yetu.

Shangazi huyu ni dada yake marehemu baba yetu, aliyetoka Makunduchi akiwa kijana akaja Pemba kuchuma karafuu, akaoa Mtambwe, akabaki huko. Tulipofika tulimkuta ameketi upenuni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni, karibuni. Na huyu mdogo ni wa nani?"

"Huyu kitinda mimba wetu, shangazi. Hujamwona."

Akamshika mtoto kidevu, akamgeuza huku na huku. "Pua ya kaka yangu hii," akasema. Akaanza kulia, kisha akacheka, kisha akaagiza chai.

Hapo ndipo khabari zilipoanza, na zilikwenda mpaka usiku. Mjukuu wake wa kike amezaa mapacha, mmoja mnene mmoja mwembamba, na mwembamba ndiye mwenye sauti. Mjomba mmoja mvuvi, ambaye miaka miwili alikuwa akiongozwa pwani kwa mkono, amepasuliwa jicho na sasa anaona. Kila mgeni anayeingia huonyeshwa akitia uzi katika tundu la sindano bila ya miwani, na tulimtazama akifanya hivyo mara tatu. Binti wa binamu yetu amefaulu mtihani wa kidato cha nne, na mama yake, aliyemsomesha kwa fedha za mwani, alikuwa ameikunja karatasi ya matokeo ndani ya kanga kama hirizi. Binamu mwingine, mtu wa miaka hamsini aliyekuwa akisema kwamba ndoa ni kazi ya wasio na kazi, amechumbia. Watu walimtania mpaka akatoka nje. Mbuzi wa jirani amezaa watatu. Nyumba ya shangazi imeezekwa bati, ingawa yeye mwenyewe anasema makuti yalikuwa na baridi zaidi.

Mtu atasema, hizi zote mngezipata kwa simu. Ni kweli, na nyingine tulikwisha kuzipata. Lakini katika simu hatukuambiwa habari ya mwembamba na sauti yake, wala mjomba hakututilia uzi sindanoni.

Nasi tukatoa zetu, za harusi ya mdogo wetu, za ng'ombe aliyeshinda katika mchezo wa ng'ombe, za kisima kipya. Mwisho shangazi akauliza lile ambalo wenye mashamba huulizwa: "Na karafuu je, zimezaa mwaka huu?"

Tukamwambia zimezaa, na watu hatuna.

Hakujibu. Aliinua sauti akawaita vijana waliokuwa wamekaa ukutani, waliotoka kupigana na mabua na mabega yao bado yana utomvu. "Njooni hapa. Hawa ni ndugu zenu wa Pemba. Baba yao ni kaka yangu." Kabla birika la pili halijaisha tulikuwa na wachumaji sita. Siku ya tatu baadaye walikuwa melini pamoja nasi, na wakakaa mpaka mti wa mwisho.

Sasa tunaomba wenzetu walipime jambo hili. Tangazo letu la kutafuta wachumaji, tulilolibandika sokoni na kulipeleka kwa masheha, lilikaa wiki tatu likatuletea watu wawili, na mmoja akaondoka siku ya pili. Mkeka wa shangazi ulituletea sita kwa usiku mmoja. Vijana wa kusini siku hizi hawana lazima ya kuja kwetu. Kilimo cha mwani kilichoanza pwani ya mashariki mwaka 1989 kinawapa mama zao fedha, na hoteli za pwani zinawapa wao kazi ya kivulini. Kupanda mkarafuu na kuning'inia kwenye tawi kwa ujira wa pishi si kazi ambayo mtu huikimbilia kwa mgeni. Huifanya kwa mtu wake, au kwa mtu aliyekula naye.

Kuna jambo jingine tulilolisikia kwenye mkeka ule. Mmoja katika wale sita alipata kuchuma kwa mwenye shamba ambaye hatumtaji, naye hakurudi tena. Kisa chake kilikuwa pishi. Waliahidiana pishi ya mfuto, na kila jioni mwenye shamba akataka pishi iliyofurika mpaka karafuu zinamwagika pembeni. Kijana alikisimulia kisa hiki kwa kuchekesha, akionyesha kwa mikono jinsi lile rundo lilivyokuwa likipanda juu, na watu walicheka sana. Lakini walikuwa watu kama ishirini, na kila mmoja alilisikia jina la shamba lile. Sisi katika mikutano yetu twasema "vijana wa siku hizi wavivu". Huko Makunduchi wanayo sababu yenye jina na mahali, na asiyekwenda hawezi kuisikia wala kuijibu.

Wapo wanaosema kwamba Mwaka umekuja kuangukia katika msimu, na kwamba zamani haikuwa hivyo. Hebu tuhesabu. Mwaka wa wazee wetu, ule wa Nairuzi, ni wa siku 365 kamili, miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano za ziada, wala hauongezewi siku kila mwaka wa nne kama kalenda ya ofisini. Kwa hivyo kila miaka minne Siku ya Mwaka hutangulia siku moja. Rudi nyuma miaka 100 kwa hesabu hiyo, utaikuta siku 25 mbele zaidi, yaani katikati ya Agosti, wakati uchumaji umepamba moto kuliko Julai. Babu zetu walikuwa na udhuru mkubwa kuliko wetu wa kumzuia mchumaji, na miti ilikuwa mingi huku Pemba tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoing'oa ya Unguja. Hata hivyo watu walikwenda kuoga mwaka wao, wakarudi, na karafuu zikachumwa.

Tena kuna hili la kuzuia ujira, nalo tutalisema wazi hata kama litamchoma mtu. Mikarafuu hii ilipandwa na kuchumwa kwanza na watu waliokuwa hawana ruhusa ya kuondoka. Utumwa ulipigwa marufuku visiwani mwaka 1897, na tangu hapo mchumaji ni mtu anayekuja kwa hiari yake na kulipwa alichochuma. Pishi aliyokwisha kuipima ni mali yake. Kumwekea mali yake rehani ili asiende kwao kuwaona wazee wake ni jambo ambalo chama chetu kisikubali kuandikwa katika daftari zake, na kama likipitishwa, sisi tutaomba majina yetu yaandikwe upande wa waliokataa.

Lakini hatutaki kukataa tu na kukaa kimya, kwani karafuu za mwenye eka tatu bado ziko juu ya mti. Tunashauri kwamba wiki moja kabla ya Mwaka, mwenye shamba na wachumaji wake wapite mti kwa mti, waanze na ile iliyotangulia kuiva, na ile iliyo mibichi waiache mpaka warudi. Siku wanazokwenda ndizo siku za sisi tuliobaki kuchambua makonyo, kuanika na kugeuza majamvi, kazi ambayo aghlabu huchelewa kwa sababu wote tuko mitini. Mchumaji alipwe haki yake yote kabla hajapanda meli. Aliyelipwa akaagwa vizuri hurudi na mwenzake. Aliyezuiliwa fedha hurudi mara moja, kuzichukua. Na wenye mashamba yaliyopakana wasaidiane, anayebaki amwangalizie anayekwenda, kama tunavyofanya kwenye maziko bila ya kuandikiana.

Na zaidi ya yote, tuende. Huko kusini husemwa kwamba nyumba isiyopata mgeni siku ya Mwaka haina bahati. Watalii wameusikia ukarimu huo na wanakuja kutoka mbali na kamera zao, wanakaribishwa na wanakula, na ni vyema. Lakini ni aibu kwamba mtu wa Ulaya ajue upenu wa shangazi zetu, na sisi tuliokula jasho la watoto wao miaka yote tusiujue.

Karani amekubali kufungua ukurasa katika daftari lake kwa wanaotaka kwenda Julai ijayo. Tukitimia watu 20 tutazungumza na wenye meli juu ya nauli ya pamoja, na kukodi gari moja kutoka Mjini. Wanachama wanawake wameomba wapewe muda wa kutafuta kanga za sare, kwa hivyo majina yaletwe mapema. Asiyekuwa na jamaa Makunduchi asisite kujiandikisha. Shangazi yetu ametuambia mkeka wake ni mpana, na mapacha wanataka kuonekana.