Mshale wa Katniss Haukukosea

Leo nina ugomvi, tena na kundi zima la watu: wale wanaosema kitabu cha Mockingjay kimeharibika mwishoni. Maneno haya nayasikia sana huku Marekani, na sasa hata wadogo zangu huko nyumbani wananiandikia hayo hayo. Ati vitabu viwili vya mwanzo vitamu, cha tatu kichungu. Ati shujaa amegeuka mgonjwa, analia na kujificha stoo. Ati angemlenga tu Rais Snow, watu wapige vigelegele, hadithi iishe.

Asiyetaka kujua mwisho aishie hapa, maana nausema wote.

Kwa wasiojua: Suzanne Collins alitoa The Hunger Games mwaka 2008, Catching Fire 2009, na Mockingjay Agosti 2010. Mwaka 2020 na 2025 aliongeza vingine viwili, lakini hivyo vinarudi nyuma kwenye miaka ya kabla. Safari ya Katniss inaishia Mockingjay. Nchi yao inaitwa Panem. Mji mkuu, Capitol, unakula na kusaza wakati wilaya 12 zinavuja jasho. Kila mwaka kila wilaya inatoa mvulana mmoja na msichana mmoja wa miaka 12 hadi 18, wakauane mbele ya televisheni mpaka abaki mmoja. Hatimaye wilaya zinaasi, na uasi unaongozwa na Wilaya ya 13, iliyokuwa imejificha chini ya ardhi. Rais wake ni mama mmoja, Alma Coin.

Sasa tazameni mwisho wenyewe. Waasi wako mlangoni kwa Snow. Watoto wa Capitol wamekusanywa mbele ya jumba lake wawe ngao. Inakuja ndege yenye nembo ya Capitol, inadondosha miavuli midogo, watoto wanadhani ni zawadi. Inalipuka. Wauguzi wa waasi wanakimbilia kuokoa majeruhi, na hapo mabomu yaliyobaki yanalipuka. Miongoni mwa wauguzi yumo Prim, mdogo wake Katniss, yule yule ambaye dada yake alijitolea kufa badala yake kwenye kitabu cha kwanza.

Mtego wa namna hiyo, wa kupiga kwanza, kusubiri waokoaji, kisha kupiga tena, Katniss alikwisha kuusikia. Waliubuni Gale, rafiki yake wa kuwinda, na Beetee, wakiwa Wilaya ya 13. Snow akiwa mfungwa anamwambia wazi kwamba aliyetuma ndege ile ni Coin. Halafu Coin anawaita washindi saba waliobaki hai na kuwapa hoja wapige kura: tufanye michezo mingine, mara moja tu, safari hii kwa watoto wa Capitol. Hoja inapita kwa kura nne dhidi ya tatu.

Jamani! Hapo ndipo mnataka vigelegele?

Najua mtanijibu kwamba Katniss mwenyewe alipiga kura ya ndiyo. Ni kweli, na kitabu hakituelezi waziwazi alikuwa na nini moyoni. Mimi nasoma kwamba alitaka Coin amwamini, ampe upinde na nafasi. Lakini hata ukisoma tofauti, tazama alichofanya mkono wake. Siku ya kumuua Snow mbele ya umati, aliinua upinde na mshale ukamwendea Coin. Snow naye hakutoka hai siku hiyo. Michezo ya watoto haikufanyika tena.

Wengi wetu tulisoma Shamba la Wanyama, ile tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya kitabu cha Orwell. Wanyama wanabaki nje wakichungulia dirishani, wasiweze tena kutofautisha nguruwe na binadamu. Collins anaanza pale Orwell alipoishia: aliyeko dirishani ana upinde. Kisha anatuonyesha gharama yake. Katniss harudi na nishani. Anarudi kwenye wilaya iliyoteketea na ndoto mbaya zisizoisha. Mnaita udhaifu? Baba yake Collins alikuwa mwanajeshi wa anga, akapelekwa Vietnam binti akiwa mdogo. Mwandishi wa namna hiyo hawezi kuwauzia watoto vita isiyoacha kovu.

Tena nawaambia, waliotaka mwisho mtamu ni wale wale waliogeuza hadithi hii kuwa biashara. Mwaka 2013 CoverGirl walitoa vipodozi vya kunogesha filamu ya pili, vyenye jina la Capitol! Mji wa wauaji umekuwa rangi ya mdomo. Vijana wakagawana timu, Peeta au Gale, kama Simba na Yanga, wakati kitabu kinauliza nani alilipua watoto.

Wako waliokichukulia kwa uzito. Thailand mwaka 2014, jeshi lilipopindua serikali, watu waliinua vidole vitatu kama kwenye filamu hizi, na wapo waliokamatwa kwa ajili hiyo. Myanmar nako waliinua mwaka 2021. Nawavulia kofia. Lakini vidole vitatu vinamwambia mtawala "hatukutaki" tu. Swali la nani anakuja baada yake, na kwa njia gani, limo ndani ya kitabu hiki mnachokiita kibaya.

Kwa hiyo wadogo zangu, kisomeni upya, taratibu. Na mtu yeyote akiwajia kuwaahidi ukombozi, msimuulize atamfanya nini dhalimu. Hilo kila mmoja ana jibu lake tayari. Muulizeni atawafanya nini watoto wa dhalimu.

Nawasilisha. Mwenye hoja tofauti ailete, tubishane kwa heshima.