Mwenye Kuunda na Mwenye Kununua

Msomaji kijana, wako watu wenye busara katika mambo mengi ambao, wakimwona mwanafunzi ameinamia nyaya na betri ili aunde chombo cha kuchezea muziki, humcheka. Husema, "Simu ndogo hutoa nyimbo elfu, ya nini kujitaabisha?" Nataka kuwapinga watu hao, na wewe uwe mwamuzi.

Nianze na Sirisia, katika nchi ya Wabukusu. Fundi wa litungu hakungoja kiwanda. Alichonga mti, akauwamba ngozi, akatega nyuzi saba au nane, kisha akazikaza na kuzilegeza moja moja mpaka sikio lake likaridhika. Hukumu ya sauti ipi ni njema ilikuwa yake na ya wasikilizaji wake.

Sasa tazama chombo cha leo. Sauti ni mtetemo wa hewa. Katika sahani ya CD mtetemo huo hupimwa mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huchukua baiti mbili. Kwa kuwa njia za sauti ni mbili, sekunde moja hudai baiti 176,400. Maikrokontrola iitwayo ATmega328P, iliyomo katika mbao za Arduino Uno, ina kumbukumbu ya kazi ya baiti 2,048 tu. Hazitoshi hata sehemu ya themanini ya sekunde! Basi wimbo watokaje?

Kwanza wimbo hubanwa kwa kanuni ya MP3 hata ukapungua kama mara kumi na moja. Kisha maikrokontrola huchota baiti chache katika kadi ya kumbukumbu, huzikabidhi kwa chipu nyingine ifumbuayo MP3, na hurudi kuchota tena kabla mwenzake hajaishiwa. Ikichelewa, wimbo hukatika. Aliyeandika programu ya kazi hiyo hujua kwa nini umekatika. Aliyenunua hujua kulalamika tu.

Lakini faida iliyo kubwa zaidi ni hii. MP3 hupunguza wimbo kwa kutupa sauti ambazo sikio hudhaniwa halizisikii. Ni nani aliyeamua ni zipi? Waliamua wahandisi, hasa wa taasisi ya Fraunhofer huko Ujerumani, na kanuni yao ilichapishwa kwa ulimwengu mwaka 1993. Wimbo mmoja walioutumia kuipima ni "Tom's Diner" wa Suzanne Vega, ulioimbwa kwa sauti tupu bila ala. Siwalaumu, walifanya kazi yao vyema. Walakini sauti kali za ghafula, kama chuma kigongwapo, huisumbua sana MP3 iliyobanwa kupita kiasi. Na chinyimba, njuga za chuma azipigazo kijana wa Kibukusu aendaye jandoni, ni nini kama si chuma kigongwacho? Mwenye kuunda ataliona jambo hili, naye ataamua kuirekodi ngoma ya kwao bila kuibana mno. Mwenye kununua atapokea hukumu ya wengine asijue kwamba ni hukumu.

Wapinzani watasema, "Chipu zenyewe zatoka ng'ambo, huyo hakuunda kitu." Ni kweli kwamba chipu haiundwi kijijini. Lakini fundi wa litungu naye hakuumba mti wala ng'ombe. Uundaji ni kujua kila kitu kiwekwe wapi na kwa sababu gani.

Watasema tena, "Chombo hicho kitagharimu kuliko kile cha dukani." Huenda. Lakini ubao mmoja hutosha wanafunzi wengi, hubomolewa na kuundwa upya, na cha dukani kikifa hutupwa. Arduino yenyewe ilianzishwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi kama wewe.

Mwisho watasema, "Mtihani je?" Ajabu gani hii! Mawimbi, mkondo na volti si mambo ya mtihani? Kadi ya kumbukumbu hutaka volti 3.3, na nyaya za ishara za Uno hutoa volti 5. Anayeziunganisha bila kipingamizi aweza kuiua kadi yake, na somo la kugawanya volti hatalisahau maisha yake yote.

Kununua si aibu. Aibu ni taifa zima la vijana kujua kubonyeza tu, na nyimbo za wazee wao zikahifadhiwa, zikakatwa na zikatupwa kwa kanuni wasizozijua. Basi, msomaji, tafuta wenzako watatu, changeni ubao mmoja, mjifunze kulehemu, na wimbo wa kwanza mtakaoucheza uwe wa litungu mliourekodi wenyewe. Watakaocheka na wacheke. Ninyi mtakuwa mnasikiliza.