Joto la Ng'ombe Lina Maana Mbili

Neno moja likibeba maana mbili, aumiaye ni msikilizaji. Kazi yangu ni lugha, si mifugo. Hata hivyo naona neno "joto" linaweza kumtia hasarani mfugaji wa Njukini, kule Taveta, chini ya Mlima Kilimanjaro.

Mfugaji asemapo ng'ombe wake yumo kwenye joto, maana yake anataka dume. Basi afisa wa ugani akimwonya juu ya "joto la ng'ombe" wakati wa kiangazi, si ajabu mfugaji akadhani ameambiwa aite mwenye mbegu. Hata dalili hukaribiana: ng'ombe hupunguza kula na maziwa hushuka.

Lakini ng'ombe wa Kizungu, hasa Friesian, huanza kutaabika hewa ipitapo nyuzi 25 hivi za Selsiasi. Tumbo lake nalo ni tanuri, kwani majani yanapochachuka humo hutoa joto. Akizidiwa husimama badala ya kulala, hutweta zaidi ya mara 60 kwa dakika, na udenda humtoka. Huyo hataki dume. Ataka kivuli, maji na upepo. Isitoshe, jua kali hufifisha dalili za kutaka dume, na apandishwapo katika hali hiyo mara nyingi hashiki mimba. Gharama ya mbegu hupotea bure.

Tiba yenyewe si ya ajabu. Paa la banda liinuliwe, urefu wake uelekee mashariki na magharibi, na kuta ziache upepo upite. Maji yasikauke kamwe, maana ng'ombe wa maziwa huweza kunywa lita 80 na zaidi kwa siku. Chakula kingi kitolewe alfajiri na jioni.

Na lugha je? Kiswahili kina neno "hari". Napendekeza maafisa waseme ng'ombe "amezidiwa na hari", na "joto" wamwachie dume. Wapo watakaosema huu ni mchezo wa wasomi. Nawauliza: onyo lisiloeleweka lina faida gani kwa aliyeonywa? Huduma za ugani zimo mikononi mwa kaunti tangu 2013. Taita Taveta haina haja ya kungoja Nairobi ili izungumze na wafugaji wake kwa maneno yasiyowapoteza.